Bango la Kumwita Baba

Wiki iliyopita niligombana na simu. Binti yangu alikuwa amejilaza upande ule wa kochi, mimi upande huu, kila mtu na simu yake, tukitafuta filamu ya kutazama pamoja. Akasema hii hapa, ya harusi, bibi harusi analia. Nikamwambia hiyo sina, yangu ina mwanamume mwenye bastola. Tukabishana hadi akaja kunionyesha: filamu ni ile ile, jina ni lile lile, ni picha ya nje tu iliyokuwa tofauti. "Mum, simu inajua kila mtu anapenda nini," akaniambia kwa upole, kana kwamba ananifundisha kutembea. Ati mimi ni mtu wa bastola! Nilicheka hadi machozi. Halafu kicheko kikakatika, nikainuka, nikaenda jikoni, nikarudi, nikaenda tena. Sikuweza kuketi. Ujanja huo niliujua nikiwa bado na meno ya utotoni, kule Ishiara, na aliyeufanya hakuwa na kompyuta. Alikuwa na brashi mbili na kopo la mafuta ya taa la kuzisafishia, naye alikuwa mama yangu.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande ule wa joto mnaukumbuka ukumbi wa video. Wa kwetu ulikuwa ghala la mahindi lisilotumika tena: mabati juu, mabenchi ya kuazima kanisani, jenereta ikinguruma nyuma, na televisheni moja juu ya meza ndefu ili hata wa mwisho aone. Mwenyewe alikuwa Mzee Nyaga, mtu mnene, mkarimu, mwenye haraka siku zote. Alileta kanda kutoka Embu kwa pikapu yake na kuzizungusha: siku ya soko hapo Ishiara, Jumapili baada ya ibada hapo hapo, na mwisho wa mwezi katika kambi ya wafanyakazi kule Kiambere, ambako bwawa lilikuwa likijengwa. Mama alikuwa mwalimu wa nasari. Alikuwa amechora vikombe, kuku na herufi kwenye kuta za darasa lake, na Mzee Nyaga alipoziona kuta hizo akamwomba amchoree mabango.

Mama hakuwa akiziona filamu zenyewe kabla ya kuchora. Mzee Nyaga alisimama tu mlangoni, funguo mkononi, akamsimulia. Nakumbuka moja hivi: "Kuna jamaa. Bibi yake ananyakuliwa na majambazi. Jamaa anachukua lori, anaenda kumtoa."

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Lakini wanapigana sana, Mwalimu."

Kutokana na maneno hayo Mama alitoa mabango matatu. La siku ya soko lilikuwa na mwanamume aliyechanika shati, ngumi yake kubwa kuliko kichwa, na moto nyuma, kwa ajili ya wale vijana waliotafuna majani ya muguka penye kona wakitazama watu. La Jumapili halikuwa na mwanamume hata mmoja. Lilikuwa na mwanamke anayetazama juu, na Mama alimfunga kitambaa cheupe kichwani, kimefungwa nyuma vile vile akina mama wa kanisa letu walivyofunga. La Kiambere lilikuwa lori tupu, kubwa, na nati zote za magurudumu, kwa sababu wanaume wa kule walishinda na malori na wangecheka kama nati moja ingekosekana. Na kwenye kona ya kila bango, chini kabisa, mahali ambapo macho ya mtoto yanafika, alichora mbwa.

"Kwani hii filamu iko na mbwa?" nikamuuliza.

"Kuna mmoja anapita barabarani. Nyaga amesema."

"Na watoto wakimngoja?"

"Si watakuwa wameshaingia?" akasema, na kuendelea kupaka.

Mimi niliamini kwamba hizo ni filamu tatu. Siku ya soko niliona ya ngumi, na mbwa alipita kweli, nusu dakika hivi. Jumapili nikarudi kuona ya mama wa kitambaa. Akina mama walikuja kwa mstari kutoka kanisani, vitabu vya nyimbo kwapani, mwenyekiti wao mbele, wakaketi wameshikilia mikoba magotini. Walikuwa wamekiona kitambaa, wakajua huyo ni mwenzao. Televisheni ilipowashwa, nikamwona yule yule jamaa wa shati lililochanika! Nikataka kupiga kelele kwamba Mzee Nyaga amekosea kanda. Bastola ya kwanza ilipolia, ukumbi mzima ukamwita Mungu, "Ngai!" Lakini hakuna aliyetoka. Mwanamke wa kwenye filamu hakuwa na kitambaa wala nini, alikuwa na nywele ndefu na mabega nje, nao wakamsamehe, wakasema majambazi wamemvua. Alipofungiwa ndani ya chumba, mwenyekiti akasimama akamwambia Mzee Nyaga, "Simamisha hiyo kitu kidogo, tumuombee." Ikasimamishwa. Wakamwombea, kwa Kimbeere, kwa sauti, kisha mashine ikaendelea na mwanamke akaokolewa. Mnaweza kufikiria nyimbo zilizoimbwa humo ndani. Wakaenda nyumbani wakijua maombi yao yamefanya kazi.

Nilitoka pale kichwa kinawaka. Basi filamu haikuwa kitu! Bango ndilo lililoita, na lilimwita mtu fulani, kwa jina lake, kama mzazi anavyoita mtoto kutoka uani, na aliyeitwa alikuja. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Na mimi kulikuwa na mtu niliyetaka aitwe.

Baba yangu, Ireri, alikuwa dereva wa lori kule Kiambere. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa mwezi, na mkate mkononi. Baadaye alikuja mvua zilipoanza, tena zilipoisha. Kisha hakuja. Hakuwa amepotea, Mzee Nyaga alimwona kila alipopeleka sinema, mzima, anacheka na wenzake. Hakuja tu. Mama hakumlaumu mbele yangu, ila alianza kupanga vitu ndani ya nyumba na kuvipangua. Dadake mdogo aliishi Meru, karibu na Kinoru, naye alikuwa amemtumia habari kwamba kuna karakana ya kuandika mabango ya maduka inayotafuta mtu wa kuchora. Jioni moja Mama akanikalisha chini. "Tukivuna hizi ndengu na baba yako hajakanyaga hapa, tunahamia Meru."

"Na Cucu?"

"Cucu ako na boma yake."

Cucu ni nyanya yangu, mama yake baba. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua, na huko ndiko nilikolala tangu nilipoachishwa ziwa, nikiwa nimemgandama mgongoni. Sikujua kulala peke yangu, na sikutaka kujua. Tangu jioni ile nikawa situlii. Kila asubuhi kabla ya uji nilikimbia shambani kutazama ndengu. Maganda yalikuwa ya kijani, na ganda la ndengu likikomaa huwa jeusi. Niliyahesabu yaliyogeuka, nikayachukia moja moja. Wakati watoto wengine walifurahi jua likiwaka, mimi nilitamani mawingu. Mwalimu wetu wa shule alinipiga kwa kuchungulia dirishani, nikachungulia tena.

Mabango ya Kiambere yalishindwa kumwita baba. Nilimuuliza Mzee Nyaga, naye akaniambia, "Wenzake wanajaa. Yeye hapana, hajaingia hata siku moja." Nikaona sababu mara moja: anaendesha lori mchana kutwa, ataacha kupumzika aje kutazama lori? Lilikuwa bango la watu wengine. Lake halikuwa limechorwa.

Nikamwendea Mama aliyekuwa akichuja maharagwe. "Baba anapenda nini?"

"Kuondoka," akasema. Kisha akaniangalia, akasikitika. "Anapenda chai nzito."

Nilifikiria kuchora kikombe cha chai, lakini chai iko kila mahali. Nikamuuliza Cucu. Yeye alicheka. "Huyo? Huyo hata akiwa anakula, nikimwita anaacha." Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Siku moja Cucu aliita kutoka kisimani, hata hakuwa na shida, alitaka tu mtungi, na baba akaacha sahani akakimbia bila viatu. Tena mimi nilikuwa nimepewa jina la Cucu, kama mtoto wa kike wa kwanza anavyopewa kwetu, na kwa hiyo baba hakuniita kwa jina. Aliniita Mami, kama anavyomwita mama yake. Mara nyingine alinisalimu kwa heshima yote, kofia mkononi, mimi nikiwa na kamasi.

Basi nikajua. Nikaomba kipande cha karatasi ya manila kilichobaki, na rangi nyeusi kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyingi. Nikamkuta Cucu mlangoni kwake akipepeta ndengu za kwanza.

"Unanitazama nini?"

"Nakuchora, Cucu."

"Basi ngoja nifunge mdomo." Akafunga, akakaza shingo, akatazama mbele bila kupepesa, vile alivyokalishwa siku ya kupigwa picha ya kitambulisho. Nilimwomba acheke kidogo akakataa kabisa. Picha si mahali pa kucheka, akasema.

Nilifuata kila kitu alichosema Mama akifanya kazi. Uso mmoja mkubwa, usichanganye watu. Zungusha ukingo mweusi, mnene, uso utokeze kutoka mbali. Maneno machache, herufi kubwa. Nikaandika: IRERI. MAMA YAKO. NJOO NYUMBANI. Mbwa nilimwacha, kwa kuwa baba hakuwa mtoto. Nilipomaliza nililiegemeza ukutani, nikarudi nyuma hadi kwenye ua, na Cucu akanitazama kutoka pale moja kwa moja. Nilijivuna sana. Mzee Nyaga alipopita kuchukua mabango ya mwisho wa mwezi nilimpa langu limekunjwa na kufungwa kwa uzi wa katani.

"Hili ni la Kiambere. Uliweke mahali watu wanakula."

"Sawa, sawa, Mwalimu mdogo," akasema, akalirusha na mengine, akawasha gari.

Jamani, kungoja kule! Nilikaa juu ya kichuguu kando ya barabara. Kila vumbi lilipoinuka upande wa Kiambere nilishuka mbio, nikakuta ni mbuzi, au gari la maji, nikapanda tena. Usiku nilimpiga Cucu mateke hadi akanifunga kwa shuka. Shambani Mama alikuwa ameanza kuvuna, na kila gunia lililoingia ndani nililiona kama mtu anayenitoa kwa mkono.

Walikuja mchana, jua likiwa utosini. Lori lilikuja polepole, na ndani yake wanaume wamesimama, kofia mikononi, wanaimba wimbo wa kanisa ule unaoimbwa taratibu. Katikati yao palikuwa na mbao mpya, ndefu, na mmoja alishika msumeno. Baba aliruka kabla lori halijasimama. Shati lake lilikuwa limevaliwa ndani nje. Aliingia uani akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia mwanamume akilia nayo, akaanguka magoti mlangoni kwa mama yake, "Mami, Mami, hata hukuningoja!"

Cucu akatokea nyuma ya nyumba na ungo wake. "Ireri? Ni nani amekufa?"

Baba akamtazama. "Ni… ni wewe."

"Ati mimi?" Cucu akajitazama mikono, akajitazama miguu. Wimbo ulikufa pale kwenye lori, sauti moja moja. Yule wa msumeno akauficha nyuma ya mgongo. Kisha kijana mmoja akapasuka kicheko, na mwingine, na Cucu mwenyewe akaketi chini kwa kucheka, ungo ukamwagika. Baba pekee hakucheka. Alitoa karatasi iliyokunjwa tumboni mwa shati akaikunjua, na hapo ndipo hata mimi, mara ya kwanza, nikaiona kwa macho yao: uso wa mwanamke mzee, mkali, usiocheka, ukingo mweusi kuuzunguka, kama zile picha za waliofariki ambazo gazeti lilileta kila siku na wao wakazibandika ukutani pale wanapokulia. Kambi nzima ilikuwa imevua kofia.

Mama alifika na gunia la mwisho mgongoni. Akalitua, akaichukua karatasi, akaitazama. "Pua umepatia," akaniambia.

"Ni wewe umefanya hivi?" Baba akaniuliza.

"Ili uje, Baba." Nilijikunyata kungoja kofi. Yeye akaninyanyua, akanibana hadi nikakosa pumzi, mashavu yake bado maji. "Mami, umeniua," akasema. Nami nilikuwa na furaha ya kupasuka! Nilimletea kiti. Nilimwonyesha jino lililong'oka, nikamsimulia habari za mbwa wa filamu, za akina mama na maombi, nikimzunguka zunguka hadi akanishika bega nitulie. Cucu akawagawia wageni uji, Mama akachemsha chai nzito. Nilikuwa nimeshinda. Tulikuwa tunabaki.

Baba alikunywa chai yake, akageuka akamuuliza aliyeendesha lori, "Tunatoka saa ngapi?"

"Jua likipoa. Gari inangojwa."

Mama alisimama na birika mkononi. "Unarudi leo?"

"Niliomba ruhusa ya mazishi," Baba akasema. "Sasa hakuna mazishi."

"Na ndengu? Na mtoto?"

"Kazi ni mingi. Nitakuja."

Mama hakupandisha sauti. "Ireri, ile karatasi. Kama ingekuwa uso wangu, ungekuja?"

Nilimtazama baba usoni, nikisubiri aseme ndiyo, ni neno dogo. Akatazama ndani ya kikombe. Nikaangalia wale wanaume wengine, wote walikuwa wakitazama vikombe vyao. Ningeweza kuchora uso wa Mama mkubwa kama ukuta wa ghala, na wangu kando yake, kwa rangi zote za dukani, naye angepita akaenda kula. Nililijua hilo pale pale, bila mtu kuniambia, na bado nikilikumbuka linanitoa kwenye kiti.

"Sawa," Mama akasema. "Sisi tunaenda Meru kesho na Nyaga."

Baba akaitikia kwa kichwa, na niliona kwamba amepumua. "Si mbaya. Dada yako ako huko. Mama atabaki kuangalia boma."

Cucu alikuwa akimwinulia mtu kibuyu cha uji. Alikiweka chini, akajifuta mikono kwenye leso yake, akaja akasimama mbele ya mwanawe.

"Ireri. Leo umenililia?"

"Ndiyo, Mami."

"Kwa roho yote?"

"Kwa roho yote."

"Nimesikia. Ulinililia vizuri. Basi imetosha, usinililie tena. Boma ni yako, iangalie."

Cucu hakungoja jibu. Alikuwa ameshamgeukia yule wa msumeno, ambaye alisimama haraka kama mtoto wa shule. "Wewe. Hizo mbao mlileta zangu?"

"Zako, Cucu. Utusamehe."

"Nisamehe nini? Ni mbao nzuri. Zishushe. Jua halijapoa, na huko Meru nitahitaji kitanda."

Kijana akapanda juu ya lori, akaanza kuzishusha, akazipanga chini mbele ya mlango. Akapima kwa mkono, akakuna kichwa.

"Cucu, nikate ya mtu mmoja?"

"Ya wawili," Cucu akasema. "Huyu anapiga mateke."